Hakimu na Benchi la Watoto

Asubuhi, kabla ya jalada na kabla ya saa ya ukutani, Hakimu aliangalia mtoto ameketishwa wapi. Siku ambayo hapakuwa na shauri la mtoto, aliliangalia benchi lenyewe, tupu, kama mtu anavyomwangalia mbwa wa jirani ambaye amewahi kuuma.

Nilikuwa mkalimani katika mahakama ile kwa miaka yote aliyokuwa mfawidhi, yaani hakimu anayesimamia mahakama pamoja na watumishi wake. Sitaitaja mahakama, na jina la kijiji cha mtoto nitakayemsimulia nimelibadili. Kati ya milima ya kahawa na ufuko wa Ziwa Nyasa mahakama si moja, na sheria inakataza kumtambulisha mtoto aliyefikishwa mbele yake. Yeye naye nitamwita kwa kazi yake. Hata tulipokuwa naye hakuna aliyelitumia jina lake. Tulisema Mheshimiwa akiwepo na Hakimu akiwa hayupo.

Mimi sikuwa mwajiriwa. Niliitwa pale alipofika mtu asiyekimudu Kiswahili, nikatafsiri Kimatengo cha nyumbani kwetu au Kinyasa cha kwa mama yangu, kisha nikarudi kwenye kahawa zangu. Darasani niliishia la saba. Mengine nimejisomea, na vitabu vingi vya sheria nilivyosoma vilitoka katika kabati lake. Aliviazima kwa sharti moja: ukirudisha, umwambie ni wapi hukukubaliana na kilichoandikwa. Ukisema umekubali chote, hakukupa kingine.

Alitembea kwa miguu. Kutoka nyumbani kwake hadi mahakamani kuna mlima, na magoti yake yalikuwa mabovu, lakini hakupanda bodaboda hata siku ya mvua. Vijana wa kijiweni walimzoea. Mmoja alimwambia, "Mheshimiwa, leo panda bure, mama yetu." Akamjibu bila kusimama, "Ya bure ndiyo ghali, mwanangu. Wiki ijayo utakamatwa huna kofia ngumu, utaniambia tulikuja wote." Wenzake walicheka wakampa yule kijana jina la Bure, na mpaka leo ndilo jina lake pale stendi.

Alikunywa kahawa, chungu, bila sukari. Msomaji wa mbali huenda asione ajabu. Mji wetu mzima unaishi kwa kahawa na karibu hakuna anayeinywa. Tunachuma, tunamenya, tunaanika, tunauza. Nyumbani tunakunywa chai, na ikikosekana, uji. Yeye aliikaanga mwenyewe kwenye kikaango cha chapati, akaitwanga, na harufu yake ikawa harufu ya ofisi. Alituambia, "Mnauza msichokionja, halafu mnashangaa mkipunjwa."

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya milimani inapoingia kwenye mifupa, aliweka jiko la mkaa chumbani kwake na kuacha mlango wazi kidogo. Chumba hicho ndicho kilichokuwa mahakama ya watoto. Sheria inataka watoto wasikilizwe mahali tofauti au wakati tofauti na watu wazima, na kwa kuwa jengo jingine halikuwepo, walisikilizwa pale, mchana, mashauri mengine yakiisha: hakimu bila joho, karani, mwendesha mashtaka, afisa ustawi wa jamii, mzazi kama amepatikana, sote kwenye viti vya aina moja. Jiko lilisogezwa kwa mtoto. Watumishi walinong'ona kwamba watuhumiwa wanaota moto huku wafanyakazi wa serikali wakiganda. Aliwasikia. Siku iliyofuata alikuja na sweta mbili, moja akampa karani.

Karani huyu lazima nimweleze, kwa sababu bila yeye Hakimu haeleweki.

Alikuwa Mmatengo wa ukoo mkubwa, mzee wa kanisa, baba wa watoto wengi waliosoma. Hakula rushwa. Nasema hivyo kwa sababu ukisema karani wa mahakama alifanya kosa, watu hukimbilia hapo. Alikuwa mtu mwema, na dirisha la ofisi yake lilitazama kibaraza ambapo palikuwa na benchi la watoto. Mtoto alipoletwa akakaa pale akingoja, Karani alitoka, akamsalimia, akamuuliza ametokea kijiji gani, akamtuliza. Kisha akampa ushauri ambao sisi sote tulilelewa nao: kubali, yaishe.

Kwetu milimani kuna sengu, kikao cha ukoo ambapo watu hula pamoja na kuamua mambo yao. Kijana aliyekosa huletwa. Wazee hueleza kosa. Kijana hupiga magoti, hukubali, huomba radhi. Huonywa, pengine huchapwa fimbo moja mbili, halafu huvutiwa sahani akala na wenzake. Jambo limekwisha na halitajwi tena. Kijana anayebisha ndiye anayeharibikiwa, kwa sababu akisema si kweli amewaita wazee waongo, na hilo ni kosa jipya kubwa kuliko la kwanza. Watu wa ziwani wana kikao chao chenye jina jingine, lakini njia ni hiyohiyo. Kwenye sengu, kukubali ndiko kunakofunga shauri. Mahakamani, kukubali ndiko kunakofungua mlango wa adhabu. Karani alijua sheria hiyo kwa miaka mingi, na bado mtoto akitetemeka mbele yake alimpa kile alichopewa yeye utotoni.

Hakimu hakuzaliwa kwetu, na labda ndiyo sababu aliliona jambo hilo. Alizoea kusema, "Mtoto anayekubali haraka ananitia hofu kuliko anayekataa." Kila mtumishi mpya, awe mlinzi, mpiga chapa au mpeleka hati za wito, siku ya kwanza alimketisha kwenye benchi la watoto tangu mahakama kufunguliwa hadi mchana, bila kumweleza kitu, na sisi wengine tulikatazwa kumsemesha. Mchana alimwita ndani akamuuliza swali moja: alipokuwa amekaa pale, angekubali nini ili ainuke? Kijana mmoja mpiga chapa alijibu kwamba angekubali hata kuwa yeye ndiye aliyeanzisha vita vya Majimaji. Hakimu alicheka, jambo la nadra, akamwambia aanze kazi.

Yote hayo hayakumsaidia binti wa Lundo.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na minne. Alipandishwa kutoka ziwani kuja mjini kwetu kufanya kazi za ndani katika nyumba ya mnunuzi wa kahawa. Alasiri moja kibanda chenye magunia ya kahawa kavu kiliungua nyuma ya nyumba ile. Mama mwenye nyumba alisema binti alikuwa peke yake pale, na kwamba siku mbili tatu kabla alikuwa amenuna kwa kunyimwa ruhusa ya kwenda kwao. Basi amechoma kwa hasira. Kwamba alimtumikisha mtoto ambaye angepaswa kuwa shule, hilo halikuwa katika hati ya mashtaka ya mtu yeyote.

Hakimu wakati huo alikuwa hospitali Songea kwa ajili ya magoti yake. Aliyemkaimu alikuwa hakimu wa kituo cha jirani, mtu mwenye mashauri yake mengi, aliyekuja asubuhi na kurudi jioni. Mimi sikuitwa, kwa sababu binti alikijua Kiswahili. Alikaa kwenye benchi chini ya dirisha. Karani akatoka, akamtuliza. Ndani, hati iliposomwa, binti akasema ni kweli. Maelezo ya moto yaliposomwa, akasema ni kweli. Akaomba msamaha kwa adabu nzuri. Akapelekwa shule ya maadilisho, mkoa mwingine, kwa miaka mitatu.

Hakimu aliporudi alifanya kama alivyofanya kila arudipo: alisoma majalada yote yaliyoamuliwa akiwa hayupo. Alipofika kwa binti alimwita Karani, akaniita na mimi niliyekuwa nangoja shauri la shamba, akaacha mlango wazi.

"Ulizungumza na huyu mtoto benchini?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimtuliza. Alikuwa anatetemeka. Nikamwambia, mwanangu, ukisimama mbele ya wakubwa usibishane nao. Kubali, omba msamaha, yaishe."

"Ulimuuliza kama alichoma?"

Karani alifikiri. Naamini hakuwa akitafuta pa kujificha, alifikiri kweli. "Sikumuuliza, Mheshimiwa. Nilijua hilo mtamuuliza ndani."

"Na ndani waliona ameshakubali." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, sauti yake ilikuwa ya chini siku zote. "Angekuwa mtoto wako, ungemwambia hayohayo?"

"Nilimwambia hayohayo wangu wa pili, walipovunja dirisha la shule. Akakubali, akachapwa, akarudi darasani. Sasa ni mwalimu."

Hakimu alimpa onyo la maandishi na hakuomba ahamishwe. Nilimuuliza sababu. Akasema akimtoa huyu ataletewa mwingine aliyelelewa vilevile, na huyu angalau yeye Hakimu ameshajua kosa lake linapitia mlango gani.

Uamuzi wenyewe hakuweza kuugusa. Shauri likishaamuliwa, hakimu wa ngazi ileile hana mamlaka ya kulifumua, hata kama limeamuliwa ofisini kwake na mtu wa kukaimu. Aliandika kwa mahakama ya juu kuomba wafanye mapitio, akieleza kwamba mtoto alifundishwa cha kujibu. Afisa ustawi wa jamii alimpata mwenye mashine ya kusaga, ambaye alikumbuka vizuri kwamba moto ule ulipoanza kuonekana, binti alikuwa kwenye foleni yake na ndoo ya mahindi. Maelezo hayo nayo yaliambatanishwa. Kisha ikabaki kungoja.

Siku ileile aliyoandika tulihamisha benchi, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili, kutoka dirishani kwa Karani hadi mlangoni kwake. Lilikuwa zito, na pale mlangoni lilizuia njia, kila aliyeingia alilipiga kwa goti. Alitoa amri kwamba mtoto akiwa pale asisemeshwe na mtumishi yeyote. Akaongeza jambo jingine ambalo halimo katika kanuni. Kabla hati haijasomwa, yeye, mwanamke mwenye kidevu kitupu, alimwambia mtoto, "Mimi nina ndevu. Kweli au si kweli?" Alitaka mtoto ajizoeze, mara moja tu katika jambo lisilo na hatari, kumwambia mtu mzima si kweli. Wengine walicheka wakasema si kweli. Wengi walitazama sakafu. Mtoto mmoja wa mtaani, aliyeshtakiwa kwa kuiba kuku, alimtazama sana kidevuni akajibu, "Ni kweli, Mheshimiwa, lakini ni chache." Hakuna aliyejua kama alikuwa anatania au anaogopa.

Kuna upande wake mwingine ambao sitauacha. Hakimu aliyetaka watoto waweze kumkatalia mkubwa hakuwa na mtumishi hata mmoja aliyeweza kumkatalia yeye. Asubuhi moja alikuta jiko limeachwa karibu na rafu ya majalada, na chini ya majivu kuna makaa yenye moto. Alimwita mhudumu, mama mtu mzima anayefagia ofisi.

"Ni wewe uliyeliacha hili?"

"Ni mimi, Mheshimiwa. Naomba unisamehe."

Alimkemea mbele yetu. Mchana alikumbuka kwamba jana yake mhudumu hakuwa kazini kabisa. Alikuwa Lituhi kwenye msiba, kwa ruhusa aliyoitia sahihi yeye mwenyewe, na aliyetoka mwisho chumbani ni yeye. Alimmiminia kikombe cha kahawa, akampa kwa mikono miwili. Mhudumu, ambaye hajawahi kuonja kitu kile maishani, alikinywa chote bila kukunja uso, kwa sababu kilitoka kwa Mheshimiwa. Hakimu alisimama akimwangalia mpaka tone la mwisho. Baadaye aliniambia, "Umeona? Hata mimi ni benchi." Sikumjibu. Ningejibu, ningesema ndiyo, Mheshimiwa.

Vivyo hivyo Karani naye, kila alipoulizwa kama amemsemesha mtoto, alikubali na kuomba radhi, hata siku ambazo mimi na mlinzi tulijua hajatoka ofisini. Usimamizi wote wa Hakimu juu ya watumishi wake ulipita katika mlango huohuo aliokuwa anapigania kuufunga. Aliliona hilo mapema kuliko sisi, na hakupata njia ya kulizunguka.

Wakati wa kungoja tulikwenda Lundo kumwona bibi wa binti, aliyemlea. Nilikwenda kwa ajili ya lugha. Basi lilitushusha kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto la ziwani, Hakimu akiwa na sweta mkononi kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Bibi alikuwa anaanika mihogo juu ya jiwe pana. Hakimu alimwamkia, "Shikamoo, bibi," akapiga goti moja kwa shida, lile lenye nafuu. Bibi alimwitikia akampa kigoda.

Hakimu alieleza: mjukuu yuko shuleni, hajambo, ameombewa shauri liangaliwe upya, itachukua muda. Nilitafsiri. Bibi aliendelea kugeuza mihogo. Kisha akauliza, kwa Kinyasa, kwa upole kabisa.

"Mjukuu wangu alikubali?"

"Alikubali, bibi."

"Aliomba msamaha?"

"Aliomba."

"Sasa mbona hamkumsamehe?"

Nilitafsiri. Hakimu aliniomba nirudie, ingawa nilijua amesikia. Nilirudia. Bibi alimtazama akingoja, kama mtu anavyongoja mgeni msomi amweleze jambo ambalo lazima lina maelezo. Upepo ulikuwa unapeperusha unga wa mihogo. Hakimu akasema nimwambie kwamba tutamrudisha. Hilo halikuwa jibu la swali, na bibi alijua, lakini alikubali kwa kichwa, kwa adabu. Alitufungia samaki wakavu kwenye mfuko tuende nao.

Jibu la mahakama ya juu lilichelewa zaidi ya mwaka. Walikubali kwamba mtoto hakukiri kwa hiari, wakafuta uamuzi, wakaagiza shauri lisikilizwe upya. Hakimu alilisoma agizo hilo akiwa amesimama. Nilidhani atafurahi. Alisema tu, "Tumwangalie kwanza."

Binti aliletwa na mlezi wa kike. Alikuwa amerefuka, nywele zimekatwa chini kabisa, na alikuwa amejifunza kusimama wima, mikono nyuma. Niliitwa siku hiyo ili atumie lugha yoyote atakayo. Hakunihitaji. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu.

Alikaa kwenye benchi la mlangoni. Karani alifungiwa ofisini kwake, na alikaa humo kwa hiari, nadhani alikuwa anasali. Hakuna aliyemsemesha binti. Ndani alipewa kiti karibu na jiko. Hakimu alikunja mikono juu ya meza akamwambia, "Mimi nina ndevu. Kweli au si kweli?"

"Ni kweli, Mheshimiwa."

Hakutabasamu, wala hakumtazama kidevuni.

Hakimu alingoja kidogo. Akamwambia hapa hakuna anayemdai jibu fulani, kwamba uamuzi wa kwanza umefutwa, kwamba anaweza kusema lolote. Hati ikasomwa. Binti akasema ni kweli. Hakimu akamwomba asimulie siku ile tangu alipoamka, na binti akasimulia moto kwa maneno yaleyale ya hati, kwa mpangilio uleule, bila kukosea.

"Mwenye mashine ya kusaga anasema ulikuwa kwake," Hakimu alisema. "Na ndoo ya mahindi."

"Labda amesahau, Mheshimiwa."

"Nani amekuambia useme hivi?"

"Hakuna. Kule ukikubali mapema unakaa vizuri."

Hakimu alichukua kalamu. Aliandika kwamba mtoto amekana, kama sheria inavyomruhusu pale anapoona kukubali hakuna maana, akaahirisha. Mnunuzi wa kahawa na mkewe walikuwa wamekwisha kuhama mji. Waliitwa mara ya kwanza, mara ya pili, hawakutokea. Mwendesha mashtaka akaliondoa shauri. Binti akaachiwa.

Alipoambiwa anaweza kwenda, alisimama akauliza, "Kwa hiyo nimesamehewa?"

"Hukusamehewa," Hakimu alisema. "Hukukosa. Umeelewa? Hukukosa kitu."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Asante kwa kunisamehe."

Akampigia magoti, akatoka na mlezi wake. Hakimu alikaa pale mpaka jiko likazimika. Hakunywa kahawa siku hiyo.

Baada ya hapo alifanya kazi kama kawaida mpaka akastaafu, na sikumsikia akilitaja lile shauri. Aliendelea kuketisha watumishi wapya kwenye benchi, aliendelea na ndevu zake. Kwenye kumuaga, Karani ndiye aliyetoa hotuba. Alilia, akasema hajawahi kufundishwa na mtu kama alivyofundishwa na Mheshimiwa, na alimaanisha. Majuma machache baadaye nilipoitwa kutafsiri, nilikuta benchi limerudi chini ya dirisha. Hakimu mpya, kijana mzuri, mchapakazi, alisema pale mlangoni lilikuwa linazuia njia, na dirishani kuna paa, watoto hawanyeshewi. Yote mawili yalikuwa kweli. Karani alikuwa amesimama kando yake, ameinama kwa mtoto wa kike mwenye sare ya shule, anazungumza naye polepole.

Miaka ilipita. Mwaka jana Hakimu alinipigia simu. Alikuwa anaishi upande wa Songea, magoti yamezidi, lakini anataka kwenda Lundo. Nilimwambia bibi alishafariki. Akasema anajua. "Nisindikize tu, Mkalimani."

Tulifika asubuhi wakati mitumbwi inatua na usipa, wale samaki wadogo wa ziwa wanaouzwa kwa bakuli. Njiani aliniuliza kuhusu benchi, nami nilimwambia liko wapi.

Hatukumtafuta sana binti. Alikuwa miongoni mwa wauzaji pale mchangani, mwanamke mzima sasa, mtoto mgongoni, beseni la usipa mbele yake. Tulisimama hatua chache nyuma ya wanunuzi. Mbele yetu walikuwa kina mama wawili wachuuzi waliotoka sokoni Mbinga. Binti alijaza bakuli mpaka likafanya kilima, samaki wakawa wanateleza pembeni.

"Dada, mbona unanipunja?" mmoja alisema. "Hili bakuli halijajaa."

"Ni kweli, mama. Nisamehe." Akaongeza magao mawili, viganja viwili vilivyojaa.

Yule mama alimgeukia mwenzake. Hakupunguza hata sauti. "Si nilikuambia? Kwa huyu sema tu umepunjwa." Mwenzake alicheka, akanyoosha bakuli lake, akasema naye amepunjwa. Binti akasema ni kweli, akamwongezea.

Walipoondoka, Hakimu alisogea. Binti aliinua macho, akamtambua mara moja, akapiga magoti mchangani huku amemshika mtoto mgongoni asiteleze.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, Mheshimiwa."

Nilijua Hakimu alikuja na maneno. Alikuwa ameyaandaa tangu Songea. Ndani ya gari midomo yake ilikuwa inacheza. Alimtazama yule mwanamke aliyepiga magoti, na niliona anayachagua maneno moja baada ya jingine na kuyaacha, kwa sababu swali lolote ambalo angeuliza lilikuwa na jibu lake tayari. Mwishowe alisema tu, "Nipimie bakuli moja."

Binti alijaza bakuli likafanya kilima. Akampa kwa mikono miwili. Hakimu alilipokea, akalishika hivyo, bila kusema, akilitazama.

Binti alimtazama usoni, kisha akatazama bakuli, kisha akaingiza mkono kwenye beseni, akaongeza gao moja.

"Nisamehe, Mheshimiwa," alisema, akaongeza jingine.